Suti ya Kuzamia ya Baba Nuru

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwaka 2013, Mansour alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ndani ya basi la 71. Alikuwa amesimama, shingo ameipinda kama kawaida yake, maana dari la basi halikutengenezwa kwa kumfikiria yeye, lakini usoni alikuwa na utulivu wa mtu anayekwenda kwenye kesi ambayo hakimu wake ni mjomba. Mkewe Jamila, aliyekaa kwenye kiti chini ya kwapa lake, alimtupia jicho mara mbili tatu, kisha akarudi kutazama maduka ya Chaussée d'Ixelles yakipita dirishani.

"Baba Nuru, unacheka nini?"

"Sicheki. Nimefurahi tu kutoka na wewe."

Walikuwa wanakwenda kununua vifaa vya kuzamia majini. Mansour alikuwa na urefu wa mita mbili na sentimita mbili, na aliamini, kama anavyoamini kwamba jua hutoka mashariki, kuwa katika Brussels nzima hakuna suti ya kuzamia itakayomtosha. Imani hiyo ndiyo iliyomwezesha kulala wiki zote hizo, kwa sababu Mansour alikuwa anaogopa maji. Mkewe hakujua. Au ndivyo alivyodhani.

Urefu ulikuwa umemsumbua tangu utoto, lakini pia ulikuwa umemkinga na mengi. Wenzake wa kazini walipokwenda kuteleza kwenye barafu, viatu vya namba hamsini havikupatikana, akabaki kantini akinywa chokoleti ya moto. Shemeji yake Burhani alipokodi vigari vya mashindano kuaga ukapera, magoti ya Mansour yalikataa kuingia chini ya usukani, akapewa bendera apeperushe. Kila mara alisikitika mbele za watu, na kila mara alishukuru moyoni. Alishazoea kwamba dunia ikimwita mahali asipopataka, mwili wake utajibu kwa niaba yake.

Hofu ya maji aliitoa nyumbani, Bujumbura. Alipokuwa mtoto katika mtaa wa Buyenzi, wenzake walimfanya kijiti cha kupimia ziwa. Walimtanguliza yeye, na pale alipoweza kusimama ndipo wengine walipofuata. Siku moja alikanyaga shimo. Alikwenda chini mzima mzima, akanywa Tanganyika ya kutosha, na alipotokeza akikohoa aliwakuta wenzake wamesimama ukingoni wakibishana nani afuate. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba alipotea. Tangu siku hiyo aliamua kuwa maji yana mpaka, na mpaka huo ni magoti.

Jamila alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuwa mfupi, mwepesi, na akishapata wazo hakuachana nalo mpaka lizae. Alikuwa fundi katika duka la kurekebisha nguo karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, akipunguza na kuongeza nguo za watu wa kila namna. Wazo la kuzamia lilimjia huko Ganshoren, kitongoji cha Brussels walikokuwa wanaishi, kwenye duka la samaki wa mapambo alilokuwa analipita kila siku bila kuingia. Siku moja binti yao Nuru alimvuta mkono, wakaingia. Ndani ya tangi moja la kioo kulikuwa na samaki wadogo, weupe kama lulu, wenye mapezi ya manjano, na juu ya tangi pameandikwa kwa Kifaransa: Ziwa Tanganyika, Burundi.

Jamila alisimama pale mpaka muuzaji akamuuliza kama ana tatizo. Yeye aliyezaliwa na kukulia dakika chache kutoka kwenye ziwa lile alikuwa anawajua samaki wa kuliwa tu, ndagala iliyokaushwa na mukeke aliyekwisha kuchomwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba chini kule wapo hawa. Wasichana wa mtaani kwao waliruhusiwa kufua ufukweni, si kuogelea. Ilibidi avuke bahari na kukaa Ubelgiji miaka tisa ndipo akutane na jirani zake.

"Mwezi wa saba tunakwenda harusini Bujumbura," alimwambia mumewe jioni hiyo. "Safari hii nitaingia mle ndani nikawaone."

"Vizuri sana," alisema Mansour, akidhani wameishia hapo.

"Na wewe. Nimeuliza. Kwenye kuzamia mtu hazami peke yake, lazima muwe wawili. Na suti lazima tununue huku, kule hakuna mtu wa kukuazima suti."

Basi likasimama, wakashuka.

Duka lilikuwa jembamba na refu kuelekea nyuma, na lilinuka mpira mpya. Suti nyeusi zilining'inia safu mbili kama watu waliopanga foleni wakasahau vichwa. Muuzaji aliyewapokea alikuwa mwanaume wa makamo mwenye kitambi kidogo na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alipowasikia wanavyozungumza alifungua mikono.

"Kumbe mwasema Swahili. Karibuni, maman. Karibu, grand, kaka mukubwa. Mi naitwa Rigobert, mutu wa Kolwezi." Alimtazama Mansour kuanzia chini, akapandisha macho taratibu mpaka akafika. "Grand, ulichezaka basket?"

"Hapana," alisema Mansour. Jibu hilo alilitoa wastani wa mara moja kwa siku.

"Dommage," alisema Rigobert kwa huzuni ya kweli. Kisha akamgeukia Jamila. "Maman, umefika kwa mwenyewe. Mi nilizamiaka maziwa yote ya Katanga. Tshangalele, Moero, yote. Uliza kintu yote unataka."

Jamila akaenda kwenye kabati la miwani ya kuzamia, akaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine, akivuta pumzi puani kama alivyoelekezwa, kuona kama miwani itanasa usoni bila kushikwa. Mansour akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akamshika Rigobert bega, akampeleka pembeni nyuma ya safu ya suti, akainama mpaka mdomo ukafika usawa wa sikio.

"Kaka, nisaidie. Suti ya kunitosha mimi hamna hapa, si ndiyo?"

"Tuangalie kwanza, grand. Uko na ngapi?"

"Deux mètres deux. Lakini hujanielewa. Nataka uniambie hamna. Umwambie na mke wangu. Mimi na maji hatupatani."

Rigobert alivua miwani ambayo hakuwa ameivaa, akaipangusa, akatazama kushoto na kulia.

"Grand, nikuambie kintu. Miaka sita minauzisha hizi bintu. Mi siyaingiaka mu mayi hata siku moja. Naogopa."

"Na Moero?"

"Moero nilipitaka na gari."

Wakatazamana kama ndugu waliopoteana utotoni. Rigobert akampa mkono, Mansour akaupokea. Mkataba ulikuwa umefungwa.

Kwa kuwa Jamila hakuwa mtu wa kuambiwa tu, waliona ni heri aone kwa macho yake. Rigobert akachagua suti kubwa kuliko zote zilizoning'inia, akampeleka Mansour nyuma ya pazia. Kazi ya kuivaa ilikuwa kama ya kumrudisha kuku ndani ya yai. Mpira ulikamata kila unywele wa miguu. Rigobert alivuta kutoka juu, Mansour alisukuma kutoka ndani, na zipu ya mgongoni ilipofungwa wote wawili walikuwa wanahema.

Pazia likafunguliwa. Miguu ya suti ilikuwa imeishia katikati ya ugoko. Mikono ilikuwa imeishia kidogo chini ya viwiko. Tumboni, kinyume chake, kulikuwa na nafasi ya kumtosha mtu wa pili mwenye mwili wa wastani. Na kwa sababu kiwiliwili cha suti kilikuwa kifupi, kilikuwa kinamvuta mabega kwenda chini na mapaja kwenda juu, hivi kwamba Mansour alisimama amejikunja kama mtu anayetafuta pete sakafuni.

Jamila alimzunguka. Mikono yake ya ufundi ilianza kazi yenyewe: akafinya kiuno, akapima begani, akapitisha kidole shingoni.

"Unaweza kuvuta pumzi?"

"Kidogo," alisema Mansour, na hilo lilikuwa kweli.

"Hii wameipanua, hawakuirefusha. Wanadhani mtu mrefu ni mtu mnene aliyesimama." Akavuta mpira wa kiunoni, ukarudi na kumpiga. "Na hapa maji yataingia yote, atapata baridi."

"Ni vile, maman," alisema Rigobert, akitikisa kichwa kama mtu aliye matangani. "Tufanye namna gani. Huyu muntu Mungu alimupima na mita yingine. Hii ndiyo kubwa ya mwisho mu magasin."

"Basi tena, Mama Nuru," alisema Mansour kwa sauti ya chini. "Na nilikuwa nimeshajiandaa."

Kuivua kulikuwa kugumu zaidi ya kuivaa. Suti ilifika magotini ikakataa kushuka. Rigobert akakamata mguu wa kulia, Jamila wa kushoto, wakavuta pamoja, na Mansour akateleza kutoka kwenye kibao alichokalia akakokotwa mpaka nje ya pazia, akiwa na chupi ya kuogelea na tabasamu asiloweza kulizuia. Mteja mmoja aliyekuwa anaangalia visu vya kuzamia aliamua kurudi siku nyingine.

Hapo mlango wa duka ukafunguliwa. Aliingia mama wa Kibelgiji, umri wa miaka sitini hivi, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mkate wenye jibini mkononi. Alikuwa Marie-Claire, mwenye duka. Aliuruka mguu wa Mansour bila kuutazama, kama mtu aliyezoea kuona wanaume wamelala chini dukani kwake.

"Madame Jamila," alisema kwa Kifaransa. "Vizuri umekuja. Kifurushi chako kimefika Jumatano."

Rigobert, aliyekuwa anafanya kazi Jumamosi tu na hakuwa na habari, aliuachia mguu.

"Kifurushi gani?" aliuliza Mansour akiwa bado sakafuni.

"Kutoka Rotterdam," alisema Marie-Claire. "Waholanzi wana watu kama wewe kwa maelfu. Kule wanashona saizi ndefu, bila kuongeza upana. Mke wako aliniletea vipimo vyote mwenyewe. Vipimo vizuri sana, sijawahi kupewa vya namna hiyo. Mpaka kutoka kwapani kwenda kwenye nyonga."

Mansour akamgeukia mkewe. "Ulinipima lini?"

"Ulipokuwa umelala."

Akakumbuka. Wiki kadhaa zilizopita alikuwa ameota kwamba amekufa, na mtu mwenye mikono midogo yenye baridi anampima sanda. Asubuhi alimsimulia Jamila ndoto hiyo akiwa na kijasho, naye Jamila, bila kuacha kukoroga chai, akamshauri atoe sadaka. Alitoa.

Suti ya Rotterdam ilikuwa nyeusi, yenye mstari wa bluu ubavuni. Marie-Claire alimpa soksi nyembamba avae kwanza ili mguu upite, akamwonyesha namna ya kuukunja mpira na kuupandisha kidogo kidogo, bila kuuvuta kwa kucha. Hakuna aliyehema. Zipu ilipanda mgongoni kwa mkono mmoja, na Mansour akatoka nyuma ya pazia akiwa amesimama wima.

Alijitazama kwenye kioo. Mkono wake wa kulia, kwa mazoea ya miaka thelathini na sita, ulikwenda kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ili uvute mkono wa nguo ushuke. Haukukuta cha kuvuta. Suti ilikuwa imefika pale ilipotakiwa kufika. Akaangalia miguuni, ikawa vile vile. Alinyoosha mikono juu, akajikunja, akachuchumaa, akainuka. Suti ilikwenda naye kila mahali bila kulalamika.

Jamila alikuja na kuanza kuikagua. Alifinya begani, akaacha. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni mpaka chini, akapanda na wa upande wa pili. Alipiga goti kuangalia vifundo vya miguu.

"Hakuna cha kurekebisha," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mansour hakuwa amekufa moyo bado. Palibaki viatu. Marie-Claire akaleta mapezi ya miguu ya namba hamsini, kutoka kifurushi kile kile. Palibaki jaketi, lile linalobeba mtungi wa hewa. Kwenye jaketi la kawaida mtungi ulimkaa juu mno, na alipoinua kichwa, chuma chake kilimgonga kisogoni. Mansour akaona mwanga wa matumaini, akagonga tena kwa makusudi ili wasikie. Marie-Claire akaenda nyuma, akarudi na jaketi jingine lenye mgongo mrefu, akashusha mkanda mmoja, na kisogo kikawa huru. Mpira wa kupitishia hewa ulikuwa mfupi kufika mdomoni pake, akafunga mwingine mrefu. Miwani ya usoni haikuleta ubishi wowote, kwani uso wa Mansour ulikuwa na ukubwa kama wa watu wengine.

"Grand, nilijaribu," alinong'ona Rigobert alipokuwa anampita na boksi.

Mwishowe Mansour alikuwa amekaa kwenye kibao, amevaa kila kitu, mtungi mgongoni, mapezi miguuni, kama bata aliyeajiriwa. Marie-Claire alikwenda kula mkate wake. Jamila akakaa karibu naye.

"Sasa imebaki sababu gani?" aliuliza.

Mansour alitafuta, na kwa mara ya kwanza mwili wake haukumjibia.

"Naogopa maji, Mama Nuru."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu tulipokwenda Ostende. Ulisimama baharini saa nzima, maji magotini, ukasema unalinda mikoba. Mikoba ilikuwa mchangani nyuma yako."

Mansour aliyatazama mapezi yake. "Kama unajua, kwa nini umenileta hapa?"

"Nilitaka uniambie wewe mwenyewe, si miguu yako iniambie." Akavuta uzi usiokuwepo kwenye goti la suti. "Halafu kuna jambo jingine. Kila suruali uliyovaa tangu tuoane nimeifungua mimi chini, nikaongeza kitambaa. Kila shati nimeliunga. Suti ya harusi yako nilikesha nayo. Nilitaka nikuone siku moja umevaa kitu kilichokutosha kabla hakijafika mikononi mwangu. Bon, nimekuona. Kama hutaki kuzama, hutazama. Wanakubali kuirudisha."

"Na samaki wako?"

"Nitakwenda. Mwenza si lazima awe mume." Akageuza kichwa. "Rigobert ameshazamia maziwa yote ya Katanga. Nitamwomba yeye. Afanye mazoezi na mimi kuanzia kesho, na klabu ya Marie-Claire kule kwenye bwawa la Ganshoren, halafu mwezi wa saba, akipata likizo, tutamchukua. Rigobert?"

Rigobert alikuwa anapanga soksi kwenye rafu. Alisimama bila kugeuka.

"Maman?"

"Kesho una kazi?"

Aliyejibu alikuwa Marie-Claire, mdomo umejaa mkate. Hakujua Kiswahili, lakini kusikia majina ya Ganshoren na Rigobert pamoja kulimtosha kuelewa. "Kesho hana kazi. Anaweza kuja. Rigobert, hujawahi kuniambia kwamba unazamia."

Rigobert aligeuka. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga wa muhogo uliokaa sana. Alimtazama Marie-Claire, akamtazama Jamila, kisha akamtazama Mansour, na katika macho yale Mansour aliona ombi lile lile alilolitoa yeye nusu saa iliyopita nyuma ya safu ya suti. Tofauti ni kwamba Rigobert alikuwa na urefu wa mita moja na sabini. Duka zima lilikuwa saizi yake.

Baadaye Mansour hakuweza kueleza vizuri kilichomsukuma. Huruma ilikuwepo, maana mtu yule alikuwa amempa mkono. Wivu nao haukukosekana, kwa sababu alimwona Rigobert kwenye ziwa la kwao, akimshika mkono mke wake, mama mkwe akiwatazama kutoka ufukweni.

"Mwache Rigobert apumzike," alisema. "Nitazama mimi."

Rigobert akarudi kwenye soksi zake haraka sana.

Jumapili asubuhi klabu ya Marie-Claire ilikuwa imekodi sehemu ya bwawa la manispaa pale Ganshoren. Upande wa pili wa kamba, wazee wa mtaa waliendelea kuogelea kama kila Jumapili. Wanafunzi walikuwa sita, na somo la kwanza lilikuwa jepesi kwa maelezo: weka mpira wa hewa mdomoni, piga magoti chini ya bwawa, pumua.

Wanafunzi watano walipiga magoti, wakatoweka. Jamila alikuwa wa kwanza. Mansour alibaki amesimama. Maji yaliyowafika wengine shingoni yeye yalimfika kifuani. Alikuwa na miwani usoni, mpira mdomoni, na alikuwa anapumua vizuri kabisa, kwa sauti kubwa, hewa ya mtungi akiwa nje kwenye hewa ya bure, kama mtoto mkubwa aliyekataa kuachishwa chuchu ya plastiki.

Marie-Claire alitokeza. "Monsieur Mansour, magoti."

Mansour alitikisa kichwa kukubali, na hakupiga magoti.

Marie-Claire alizama akawaangalia wengine, akatokeza tena. "Unapumua vizuri. Sasa fanya hivyo hivyo sentimita themanini chini."

Akatikisa kichwa tena kwa heshima zote. Magoti yake yalikuwa yamekuwa chuma. Kupitia maji aliuona utosi wa Jamila chini karibu na miguu yake, na mapovu yakipanda kutoka kwake kama chungu kinachochemka taratibu. Jamila hakumvuta. Alikuwa anasubiri.

Hapo ndipo alipofika mzee mmoja wa Kibelgiji mwenye kofia ya manjano ya kuogelea. Alikuja taratibu kwa upande wake wa kamba, akamwona Mansour, akasimama, akaishika kamba kwa mikono miwili kama mtu aliyefika dirishani kwa jirani.

"Samahani, monsieur," alisema. "Wewe ni mrefu sana."

Mansour alikuwa na mpira mdomoni.

"Ulicheza basket?"

Mansour akatikisa kichwa kukataa.

"Hapana? Ajabu. Mpwa wangu alicheza, na ana mita moja na tisini tu. Alikuwa mlinzi. Halafu akaumia goti. Wewe magoti yako yakoje? Watu warefu mara nyingi magoti huwasumbua. Na huko kwenu wote mko hivi? Baba yako je?"

Kwa kawaida Mansour angejibu. Alikuwa ameyajibu maswali hayo kwenye tramu, kwenye lifti, kwenye foleni ya mkate, na kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, ambako walimpenda kwa sababu alibadilisha taa bila ngazi. Lakini ili ajibu ilibidi atoe mpira mdomoni, na akiutoa ingebidi aanze upya. Mzee akasogea karibu, akapata pumzi ya swali jingine, akafungua mdomo.

Mansour akapiga magoti.

Maji yalifunga juu ya kichwa chake na sauti ya mzee ikakatika. Hofu haikubaki juu, ilishuka naye, ikakaa pale pale kifuani kama siku ya lile shimo. Alivuta pumzi akitegemea kunywa maji, ikaingia hewa. Akaitoa, ikapiga kelele masikioni mwake. Akavuta nyingine. Ikaja tena hewa. Alitafuta kitu cha kushika, akapata mkono wa Jamila, akaushika kwa namna ambayo pete ya ndoa iliacha alama kwenye vidole vya wote wawili mpaka jioni.

Marie-Claire aliwaashiria walale kifudifudi kule kule chini ya maji, wanyooke, waelee bila kugusa sakafu. Mansour alijinyoosha. Suti ilimkaa mwili mzima, joto likabaki ndani. Alipogeuza kichwa aliukuta uso wa Jamila ukiwa sambamba na wake, macho kwa macho, umbali wa kiganja. Katika miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kutazamana hivyo wakiwa nje ya kitanda, bila mmoja kuinama au mwingine kupanda ngazi ya mlangoni. Jamila alicheka, miwani yake ikaingia maji, ikabidi apande juu kuyamwaga. Mansour, kwa kuwa alikuwa hajauachia mkono, alipanda naye.

Mzee wa kofia ya manjano alikuwa bado pale kwenye kamba.

"Kwa hiyo hukucheza kabisa," alisema.

Mansour akarudi chini.

Baada ya somo walikwenda kwenye kantini ya bwawa, wakaagiza viazi vya kukaanga, nywele zao bado zinadondosha maji. Mansour alizungumza mfululizo. Alieleza namna ya kupumua, kana kwamba Jamila hakuwepo. Alieleza jinsi kelele za watu zinavyokatika ukifika chini, na jinsi alivyokaribia kufa mara nne. Jamila alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anajaribu kuyatoa maji sikioni.

"Unaumwa?" aliuliza Mansour.

"Sikio la kushoto kidogo. Endelea, nakusikiliza kwa la kulia."

Mansour alikwenda kila Jumapili mpaka mwezi wa sita, na kila Jumapili alilalamika njia nzima ya kwenda. Rigobert alimpigia simu mara kwa mara kumtia moyo, akiwa mahali pakavu.

Mwezi wa saba, kwenye uwanja wa ndege wa Bujumbura, afisa wa forodha alifungua begi lao kubwa, akaitoa suti, akaishika mabegani na kuinua mikono juu kadiri alivyoweza. Miguu ya suti ilibaki ndani ya begi.

"Mwenyewe yuko wapi?" aliuliza.

"Niko hapa," alisema Mansour kutoka juu.

Afisa akapandisha macho, akaikunja suti kwa adabu, akawapitisha.

Siku tatu baada ya harusi walikwenda kusini, upande wa Rumonge, kwenye sehemu yenye mawe, pamoja na bwana mmoja anayevua samaki wa mapambo na kuwauza Ulaya. Mama yake Jamila alikataa kubaki nyumbani. Alikuja na mwavuli, mkeka, mkaa, na kikaango, akakaa ufukweni kama mtu anayengojea sokoni. Jamila na Mansour waliingia wakiwa wameshikana mikono, na maji yakawafunika.

Mansour alifika mita saba. Alilikumbatia jiwe moja na hakuliacha. Anasema aliona samaki wengi, ingawa Jamila anasema muda mwingi alikuwa amefumba macho. Jamila aliwaona. Walikuwa kila mahali, weupe wenye mapezi ya manjano, wakiingia na kutoka kwenye nyufa za mawe, wakikorofishana, wakifukuzana mlangoni kama watu wa Buyenzi. Alikaa akiwatazama mpaka yule bwana akamwonyesha saa.

Walipotoka, mama yake aliinuka kwenye mkeka. Mkaa ulikuwa umeshakolea. Alimtazama binti yake mikono, akamtazama mkwewe mikono, akaangalia na nyuma yao.

"Muda wote huo," alisema. "Samaki wako wapi?"

Jamila alivua miwani, akajipangusa uso uliokuwa na maji ya ziwa na mengine.

"Wako chini, mama," alisema. "Hawajambo."